Baraka ya Kuchomoa Waya

4 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Mdomo nimeufunga miaka yote kwa ajili ya adabu. Kalamu haina mkubwa wala mdogo, acha iseme.

Asubuhi, kabla hatujafungua geti, baba alituita mimi na kaka yangu tukasimama chini ya bati. "Mgongo umenichoka," akasema. "Mvua hizi zikikata, napumzika. Ufunguo wa gereji nitampa mmoja wenu. Kwa hiyo kila mtu afanye kazi nikimwona."

Kaka yangu akatabasamu. Watu wote wanamwita Bosi, kwa sababu hajawahi kuchafua kola ya shati. Alirudi nyumbani mwaka jana, akaacha biashara yake huko alikokuwa bila kueleza mtu, na tangu hapo kazi yake ni kukalia benchi la matairi na kuwaambia wateja "karibu, karibu". Mimi nimeingia gereji hii sare ya shule ikiwa bado mwilini. Vidole vyangu havitakati hata kwa sabuni ya unga. Kama kuna haki duniani, ufunguo huo ni wangu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Mchana mkunga akaja akisukuma pikipiki yake kwenye tope. Ni mama mtu mzima, nusu ya watoto wa mtaa huu wamepita mikononi mwake, na pikipiki yake ni ya zamani, ya enzi ambazo chuma kilikuwa chuma. Anaiendesha mwenyewe kwenda kuzalisha, hata ng'ambo ya kilima. Shida yake: betri inakufa kila mara, taa inafifia, honi inakoroma.

"Kila fundi ananiuzia betri," akasema. "Ninazo nyumbani kama mtu anayefuga kuku. Mwanangu, nitafutie ugonjwa, usiniuzie betri."

5 Machi

Mafundi wengi wakiona betri imekufa wanaizika na kuleta nyingine. Hawaulizi imekufa kwa nini.

Niliijaza chaji, nikaiacha itulie, nikaipima: volti kumi na mbili na nusu na ushee. Betri nzima. Nikawasha injini, nikapiga resi. Namba ilitakiwa ipande ifike kumi na nne. Haikupanda, ikashuka. Maana yake betri inailisha pikipiki, na betri yenyewe hakuna anayeilisha.

Nikaanza na waya, maana ndizo zinazodharauliwa. Plagi moja ya kuungia waya chini ya tangi ilikuwa na kutu ya kijani, nikaipiga msasa. Waya wa bodi, ule unaofungwa kwenye fremu, nao nikausugua mpaka ukang'aa. Bado. Nikapima koili inayozalisha umeme, waya zake tatu za njano, mbili mbili: zote sawasawa, na hakuna unaovujisha kwenye bodi. Koili haina kosa. Basi aliyebaki ndiye mwizi: rektifaya. Ni kidude chenye mapezi, kimefungwa chini ya kiti. Kinapokea umeme wa koili, ambao unakuja kwa fujo, kinautuliza na kuipa betri kipimo chake. Hiki cha mkunga, pikipiki ilitoka nacho kiwandani, kizito kama jiwe la kusagia. Kimezeeka, kimekwenda zake.

Mita ninayopimia alininunulia baba nilipomaliza shule. Ndiyo zawadi pekee aliyowahi kunipa ambayo haikuwa kazi.

6 Machi

Mvua. Bosi amekunywa chai yake na yangu.

7 Machi

Nimefunga rektifaya mpya, kutoka kwa muuza spea wa jirani. Tunamwita Orijino, kwa sababu kila kitu dukani kwake, hata kamba ya kufungia mzigo, anaapa ni orijino. Nikawasha, nikapiga resi: kumi na nne na nukta mbili. Moyo wangu ukatulia.

Halafu baba akaja kupiga baraka.

Hili lazima nilieleze vizuri. Hakuna pikipiki inayotoka geti la baba bila baraka. Injini ikiwa inaguruma, anainama na koleo lake, anachomoa waya mmoja wa betri, anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Injini ikizima, chaji hakuna, rudi kazini. Ikiendelea, anarudisha waya, anapiga kiti kofi moja, anasema, "Nenda salama, chaji ipo." Palepale waya unapochomoka taa ya mbele huwa inang'aa ghafla, nyeupe, na wateja wanapenda hapo. Wengine hawatoki bila hiyo. Mkunga naye alitoa mkono wake akampa baba, akasema, "Mzee, mikono yako ni dawa."

Mikono yake! Aliyelala chali kwenye tope ni mimi. Haya.

11 Machi

Tope limefika kizingitini. Nimemwona mama akimpa baba kikombe cha chai, akamshika vidole akavizungusha kwenye mkono wa kikombe, kimoja kimoja. Nikacheka peke yangu: uzeeni watu wanadekezana.

19 Machi

Mkunga amerudi anasukuma.

Nikafungua kiti, nikapima. Rektifaya imekufa. Na balbu ya mbele nayo imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Balbu nikaibadilisha bila kuifikiria, ndivyo balbu zilivyo.

Baba akasema mbele ya wateja wote, "Fundi mwenye haraka huwa anafunga akili nje, anaingia na mikono." Watu wakacheka. Bosi akaongeza, "Labda alifunga juu chini." Wakacheka zaidi. Mimi nikaendelea kufungua skrubu, maana ningesimama ningemrushia mtu spana.

20 Machi

Nimekwenda dukani kwa Orijino nimevimba. Nikamwekea rektifaya iliyokufa juu ya kaunta. "Hiki ndicho orijino?"

Akaipindua, akainusa. "Dada fundi, hii imepigwa na umeme mkubwa. Hii haikufa, imeuawa."

"Umeiua wewe, kwa kuniuzia feki."

"Kama ni feki nikifa mnizike nazo boksi zima!"

Nikamwita mwizi. Nikamwita mwizi wa mchana. Watu walikuwa wanapita, wakasimama kusikiliza. Akanipa nyingine bila kunitazama usoni. Nilitoka najiona nimeshinda.

22 Machi

Nimefunga. Nimepima: kumi na nne na nukta mbili. Baba kapiga baraka, taa ikang'aa, mkunga kaondoka. Bosi kwenye benchi.

27 Machi

Mvua.

28 Machi

Mvua. Bati linavuja juu ya meza ya zana. Nimemwambia Bosi apande alizibe, akasema anaogopa kuteleza. Mtu wa kuteleza ni yule anayesogea.

9 Aprili

Nitaandika pole pole, nisiruke kitu.

Jana magharibi mkunga aliitwa ng'ambo ya kilima, mwanamke ameshikwa na uchungu. Mvua ilikuwa ya kupofua. Akiwa katikati ya mteremko taa ikazima, siyo kufifia, ikazima kabisa, na honi kimya. Injini ikaendelea kuguruma, kwa hiyo pikipiki ikaendelea kwenda, na yeye juu yake haoni hata mikono yake. Akaingia mtaroni. Waliomwokota ni vijana waliokuwa wanarudi kutoka kazini. Mkono wa kulia umevunjika, hapo juu ya kiganja. Mkono wa mkunga! Yule mwanamke alizaa na mama mkwe wake kwa taa ya simu. Mtoto yuko hai, lakini hiyo ni rehema tu.

Pikipiki imeletwa asubuhi kwenye toroli, tope mpaka kwenye tangi. Watu wakajaa. Hakuna aliyetaja jina langu, wala hakukuwa na haja. Wote walikuwa wananitazama mikono.

Baba akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti ili hata wa nje ya geti wasikie. "Nilisema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa hapa kakosea mmoja, kavunjika mwingine."

"Baba, nilipima. Ilikuwa inachaji."

"Ulipima na hilo toi lako. Mimi nilikuamini, nikaibariki kazi yako. Umenitia aibu."

Bosi hakucheka leo. Alikuja akasimama karibu yangu, akafungua mdomo, akaufunga. Akarudi kwenye benchi. Nikamwona mnafiki, anasubiri ufunguo uanguke kama embe bovu.

Nimepima. Rektifaya imekufa. Balbu nyeusi. Vilevile kama mara ya kwanza.

10 Aprili

Nimekwenda kumwona mkunga. Nilikaa mlangoni nikitazama viatu vyangu. Mkono wake umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, umelala juu ya mto. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya pole njia nzima, yakapotea.

"Ingia, mvua inakunyeshea," akasema. "Mimi nimezalisha wanawake wanaokuja wameficha mimba miezi yote. Mficha uchi hazai. Kama kuna kitu umekosea niambie, nijue ninasamehe nini."

"Mama, sijui nilichokosea. Nilipima, namba ilikuwa nzuri."

"Nzuri wapi? Tangu naondoka kwenu taa ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo. Nikasema labda ndivyo ilivyo, mzee si ameibariki? Nikawa naichaji betri nyumbani kwa mkwe wangu, nasogeza siku."

Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara kama kichaa, mpaka mwenye baiskeli akanitukana. Mita yangu ilisema kumi na nne. Mita haina ndugu wala adui. Na mkunga anasema hata getini hakutoka na taa nzima. Basi kati ya mita yangu na geti kuna nini?

Nimeshajua kuna nini. Naogopa kuliandika.

13 Aprili

Nimeliona kwa macho yangu, sasa naandika.

Nimekwenda kwa Orijino kuchukua rektifaya nyingine. Akanipa huku amegeuza kichwa. Nikaifunga leo asubuhi pamoja na balbu mpya, nikawasha, nikapima: kumi na nne na nukta mbili. Nikamwita baba, nikamwambia iko tayari kwa baraka. Sauti yangu ilikuwa tamu, na nilijichukia.

Akaja na koleo. Akachomoa. Taa ikang'aa ghafla, nyeupe. Kichwa akakiinamisha, akarudisha waya, kofi kwenye kiti. "Chaji ipo." Akaondoka.

Nikapima tena, injini ikiwa bado inaguruma. Kumi na mbili na nukta nne. Halafu nukta tatu. Halafu nukta mbili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Umeme wa koili unapokuja na betri haipo, unakosa pa kwenda. Betri ndiyo inayoumeza na kuutuliza. Ukiichomoa, umeme unapanda juu ghafla, unaichoma rektifaya, unaichoma balbu. Kule kung'aa wanakokupenda wateja ni kilio. Rektifaya za zamani, zile nzito, zilivumilia ubabe huo. Hizi za siku hizi hazina kifua hicho. Zikipigwa mara moja, basi.

Na kinachouma kuliko vyote: kipimo chenyewe ni cha bure. Pikipiki hii cheche yake ina koili ya peke yake. Injini ingeendelea kuguruma hata betri ukaitupa mtoni. Baba alikuwa anasikiliza kitu ambacho hakikuwa kinamjibu.

Nimemwona akifanya hivyo tangu sijaota meno ya mbele. Nimepima kila waya, kila plagi, nimemwita jirani mwizi barabarani, na mkono wa baba uko mbele yangu kila siku na sikuuona. Leo nimekumbuka wateja wengi waliorudi wanasukuma. Na wengine ambao hawakurudi, nao nimewakumbuka.

14 Aprili, Jumapili

Nilimsubiri baba amalize kula. Nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamweleza taratibu, kama mtoto anayesoma sala. Sikupandisha sauti. Akasikiliza, taya limekaza.

"Kazi hii nimeifanya wewe hujazaliwa," akasema.

"Najua, baba. Ndiyo maana nimeleta mita, usome mwenyewe. Niliiacha vilevile baada ya baraka."

Hapo nilidanganya. Mita nilikuwa nimeizima ili nisimalize betri yake, nilitaka tu kumwonyesha jinsi ya kushika waya. Lakini baba akainyakua mkononi mwangu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua. Akaigeuzia dirishani.

"Kumi na nne," akasema. "Si hii hapa? Kumi na nne. Unanizushia."

Kioo kilikuwa kitupu. Hakukuwa na namba yoyote.

Nikamtazama baba yangu. Nikakumbuka kikombe na vidole. Nikakumbuka zamani alivyokuwa akikagua kila nati kwa jicho, na siku hizi anakagua kwa sikio tu. Siyo mgongo uliomchoka.  Yeye ndiye aliyejua kwanza kwamba nimejua, maana aliilaza mita magotini, kioo chini.

"Ni ukungu tu," akasema. "Unakuja na kuondoka."

"Baba, mtu amevunjika mkono."

"Najua." Akanishika kifundo cha mkono, akanikaza kwa nguvu. "Mwanangu, usimwambie kaka yako. Usimwambie mtu. Niache niondoke kwenye kazi yangu nikiwa fundi, nisiondolewe kama kipofu. Siku ya ufunguo nitasimama mbele ya watu niseme mwenyewe kwamba kosa halikuwa lako. Nipe mpaka siku hiyo."

Nimempa. Ni baba yangu, ningefanyaje? Nililia jikoni, na mama akaniletea kitambaa bila kuuliza chochote. "Ulikuwa unajua," nikamwambia. Akasema, "Alinikataza," akaendelea kukosha vyombo.

16 Aprili

Nimekwenda kumwomba radhi Orijino. Nimesema yote isipokuwa ya macho. Akanisikiliza, akasema, "Uliniita mwizi watu wakiwepo, umekuja kuniomba radhi watu wakiwa hawapo." Kisha akanipa rektifaya nyingine, akakataa nisimshukuru.

Nimeifunga, na balbu mpya. Pikipiki ya mkunga nimeifunika turubai kwenye kona, mbali na koleo, isubiri mkono wa mwenyewe upone.

22 Aprili

Baba amesema mgongo unamsumbua, kuanzia leo baraka atapiga Bosi. Akamfundisha mbele ya wateja: shika hapa, chomoa hivi, sikiliza. Watu wakasema, lo, mzee ameshachagua.

Nilimfuata nyuma ya gereji. "Baba, tulikubaliana nini?"

"Wateja wanaitaka. Ikikoma ghafla watauliza kwa nini."

"Inaua pikipiki za watu!"

"Shusha sauti."

Nikamwendea Bosi. Nikamwambia usichomoe waya, injini ikiwaka usichomoe, utachoma rektifaya. Akanitazama kwa muda mrefu, nikadhani amenielewa. Kisha akasema, "Dada, acha wivu. Nafanya nilivyoambiwa."

23 Aprili

Nimegundua ujanja. Pikipiki zangu nazimaliza wakati Bosi amekwenda kula. Wateja wananung'unika hawakupata baraka. Mmoja amerudi baada ya saa nzima kuidai.

2 Mei

Mvua. Nimefunga cheni, nimebadilisha breki, nimenyamaza.

11 Mei

Kila asubuhi watu wanapita getini wananisalimia kwa huruma. "Pole, dada fundi, ndiyo kazi." Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Ndiye huyu." Nikasema moyoni, subirini. Siku ya ufunguo mtanitazama vizuri. Nimelishikilia hilo kama mtu anayeshikilia nguzo kwenye mafuriko.

19 Mei

Leo jua limetoka kidogo. Nimeosha ovaroli.

25 Mei, Jumamosi

Siku ya ufunguo.

Walikuja wengi: wateja, majirani, mafundi wa mtaa wa pili, Orijino kasimama nyuma kabisa na mikono kifuani. Mkunga naye alikuja, plasta imetolewa, mkono wake umekonda kama wa mtoto mgonjwa. Mama alivaa nguo zake za kutokea. Mimi nilivaa ovaroli ile niliyoosha.

Baba akasimama, mkono mmoja begani kwa mama. Watu wakadhani ni mapenzi ya wazee. Mimi nilijua anaongozwa.

Alishukuru. Alisimulia alivyoanza na spana mbili chini ya mti. Watu wakacheka palipotakiwa kucheka. Halafu akasema, "Mwaka huu tumepata aibu. Mama yetu mkunga ameumia kwa kazi iliyotoka hapa."  Nikajinyoosha. "Binti yangu alikosea. Karibu amuue mama wa watu. Lakini mtoto akinyea mkono, hukati mkono. Mimi nimemsamehe, na ninyi nawaomba mumsamehe."

Wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa msamaha wangu.

Mkunga akaja akanishika bega kwa ule mkono mwembamba, akasema, "Yameisha, mwanangu." Na mimi nikajibu, "Ahsante, mama." Nilishukuru kusamehewa. Mate yalikuwa machungu mdomoni kama nimetafuna mwarobaini.

Ufunguo akapewa Bosi. Aliupokea kwa mikono miwili, akitazama chini.

Kisha baba akasema ili siku iishe vizuri, pikipiki ya mkunga itolewe, bosi mpya aipige baraka ya kwanza. Wakaondoa turubai langu. Mtu akapiga kiki, ikawaka mara moja, taa ikatoa mwanga safi, mweupe, uliotulia. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikiilinda taa hiyo. Bosi akainama na koleo la baba.

"Usichomoe," nikasema.

Kila mtu akageuka. Bosi akabaki ameinama. "Kwa nini?"

"Muulize baba."

Nilimpa nafasi. Mungu wangu ni shahidi, nilimpa nafasi mbele ya watu wote, nusu sentensi tu ingetosha. Baba akageuza uso upande wangu, lakini si kwangu hasa, kidogo pembeni, kwenye nguzo. Midomo yake ilisogea. Kwa sekunde moja nilidhani atasema.

"Chomoa," akasema.

Bosi akachomoa. Taa ikang'aa, watu wakasema "aaah", halafu ikazima. Balbu ikawa nyeusi palepale, mbele ya kila mwenye macho. Injini ikaendelea kuguruma bila habari.

Baba, kichwa amekiinamisha, anasikiliza, anatabasamu. "Taa inawaka?" akauliza.

 Mtu haulizi habari ya taa iliyo mbele ya pua yake. Niliwaona watu wakianza kutazamana, na nikaona mama akifumba macho. Bosi akaitazama taa iliyokufa, akanitazama mimi.

"Inawaka, baba," akasema.

"Mpe mama pikipiki yake, aende salama."

Nikavuka uwanja. Nikazima injini, nikachomoa ufunguo wa swichi, nikaushika mkononi. "Mama, usiondoke na hii," nikamwambia mkunga. "Haina chaji. Imechomwa sasa hivi, na zile za kwanza zilichomwa hivihivi." Sikusema neno la macho. Ahadi yangu ilibaki na thamani hata kama yake haikuwa nayo. Nikachukua mita yangu mezani, nikaisukuma pikipiki nje ya geti. Nyuma yangu baba alikuwa anauliza, "Kuna nini? Nani ameizima?"

26 Mei

Nimelala kwa mkunga. Sijaitwa nyumbani.

3 Juni

Orijino amenitumia rektifaya na balbu. Nimefunga hapa uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Kumi na nne na nukta mbili. Mkunga akauliza, "Sasa nani anaibariki?" Nikamwambia, endesha tu, mama. Akaendesha. Alasiri wakanijia wengine wawili, wamesikia.

8 Juni

Mvua imekata. Barabara imeanza kutoa vumbi.

Bosi amekuja, ufunguo wa gereji unaning'inia kwenye mkanda. Kwa mara ya kwanza nimeona kola yake chafu. Alisimama karibu na kamba ya nguo.

"Ulikuwa unajua habari ya macho yake?" akauliza.

"Tangu Aprili. Aliniomba nisikwambie."

Akacheka, kicheko kibaya. "Mimi tangu mwaka jana. Unadhani niliacha biashara yangu kwa nini? Alinipigia simu nije nimkalie karibu. Nimsomee risiti, nimwambie nani kaingia getini. Aliniomba nisikwambie wewe."

Basi benchi lile halikuwa uvivu. Na "karibu, karibu" ilikuwa kumjulisha mzee kwamba mtu ameingia. Nilitaka kumwonea huruma, na kidogo nilimwonea. Lakini niliutazama mkono wa mkunga, anamwaga maji ya kufulia kwa ule wa kushoto, na huruma ikakauka. Nyumba nzima tulikuwa tunajua, kila mtu na kipande chake, tumekalia siri kama kuku wa mayai, na aliyevunjika ni mama wa watu.

"Baraka bado unapiga?" nikamuuliza.

"Anakaa palepale anasikiliza. Nifanyeje?"

 Akakwaruza chini kwa kiatu.

"Amenituma," akasema. "Anasema mita ni mali ya gereji. Anaitaka."

Niliingia ndani. Mita ilikuwa kitandani, kwenye mfuko wake uleule aliouleta baba nilipomaliza shule. Nilikaa nayo mapajani. Nilitaka kuivunja, nilitaka kuikataa, nilitaka kulia, na mwisho nikafanya kazi ambayo mikono inaijua: nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa betri iliyochoka, nikaweka mpya. Nikaiwasha kuona kama namba zinatoka vizuri. Zilitoka.

Nikampa Bosi. "Mwambie baba nimeiwekea betri mpya," nikasema. "Na hiyo msiichomoe."